MSIKILIZAJI NAYE HUCHOKA

Sisi wa mashambani twakijua kipande: ukikimaliza mapema, kesho nyapara anakiongeza. Tulidhani mtu anayekaa kitini akisikiliza matatizo ya wagonjwa wa akili hana kipande. Kumbe anacho.

Tarehe 15 Agosti 2022, wenzetu zaidi ya 2,000 wa chama cha NUHW waligoma katika hospitali za Kaiser Permanente, jimbo la California, Marekani. Ni washauri na waganga wa magonjwa ya akili. Hawakudai mshahara tu. Walisema hupangiwa mgonjwa baada ya mgonjwa, bila nafasi ya kuandika mafaili wala kujibu barua za wagonjwa, na kazi hiyo huenda nayo nyumbani usiku. Mtu akisikiliza vilio tangu asubuhi, cha jioni hakimwingii tena. Wengi waliacha kazi. Mzigo wao wakabebeshwa waliobaki. Mgonjwa naye akangoja wiki nyingi, ingawa sheria ya jimbo yataka aonwe tena ndani ya siku 10 za kazi.

Mgomo ulichukua wiki 10. Mkataba ukawaongezea karibu saa 2 kwa wiki za kazi ya mafaili. Saa mbili tu, lakini hazikutolewa bure.

Mwaka 2023 serikali ya jimbo iliitoza Kaiser faini ya dola milioni 50, nayo ikakubali kutumia milioni 150 nyingine kutengeneza huduma hiyo. Hata hivyo wenzao wa kusini mwa California waligoma Oktoba 2024, wakarudi kazini Mei 2025.