Mitende ya Chunguni na Usalama wa Mbwa

Kwa familia nyingi zinazoishi katika fleti za Vällingby, mimea iliyopangwa dirishani ndiyo bustani pekee wakati wa majira marefu ya baridi. Si ajabu kwamba mtu aliyelelewa Tanga, Lamu au Unguja atavutiwa na mmea wenye makuti, hata ukiwa mdogo wa kutosha kukaa juu ya meza. Nyumbani mwenye mbwa, au penye desturi ya kumtunzia jirani mbwa wake anaposafiri, yafaa kwanza kujua mmea huo ni upi hasa. Neno la Kiswidi «palm» linaloandikwa kwenye vibandiko vya maduka hutumika kwa mimea ya koo mbalimbali, na mmoja kati yao unaweza kumuua mbwa.

Mmea huo huitwa kottepalm kwa Kiswidi, na jina lake la kitaalamu ni Cycas revoluta. Asili yake ni kusini mwa Japani. Ingawa jina linauita mtende, hauna udugu wowote na mtende, mnazi wala mvumo. Jamaa zake wa karibu ni mitapo, ambayo humea katika pwani ya Afrika Mashariki. Wazee wa pwani waliotumia mbegu za mtapo kama chakula wakati wa njaa hawakuzila hivi hivi: zilikatwa, zikalowekwa na kukaushwa kwa siku nyingi ili sumu ipungue. Mbwa hana subira hiyo. Yeye hutafuna kile akionacho.

Kottepalm hutambulika kwa shina lake fupi na nene, lenye magamba, linalofanana na nanasi lililokaa juu ya udongo. Majani hutoka kileleni kwa duara, nayo ni magumu, yanang'aa, na kila kijani kidogo kina ncha inayochoma kidole. Mara nyingi huuzwa ukiwa mchanga, katika chungu kidogo, na kwa kuwa hukua polepole hubaki mfupi kwa miaka mingi, sawa kabisa na kimo cha mdomo wa mbwa. Sumu imo katika sehemu zote, tangu mizizi hadi majani, na imezidi katika mbegu. Mbegu moja au mbili zaweza kutosha kumuua mbwa. Mmea wa ndani ya nyumba ni nadra kuzaa mbegu, lakini jambo hilo lisimfanye mtu alegeze uangalizi, kwani shina na majani yake pia hudhuru.

Mbwa aliyeutafuna huanza kutapika na kutokwa na udenda, kwa kawaida ndani ya saa chache, ingawa dalili zaweza kuchelewa hadi siku nzima. Hukataa chakula, huharisha, na hulegea. Baadhi huonekana kupata nafuu baada ya kutapika, na hapo ndipo wenye mbwa wengi hudanganyika. Sumu iitwayo saikasini huendelea kuliharibu ini kimya kimya. Siku ya pili au ya tatu ufizi na weupe wa macho huweza kugeuka manjano, kinyesi kikawa cheusi, damu ikavuja chini ya ngozi, na mbwa akapatwa na degedege. Hakuna dawa inayoiondoa sumu hiyo, na wengi wa waliofikia hatua hiyo hawaponi hata wakitibiwa.

Kwa hiyo mbwa aliyeonekana akitafuna kottepalm apelekwe kwa daktari wa wanyama mara moja, kabla ya dalili yoyote. Daktari aweza kumtapisha, kumpa mkaa wa dawa na kumwekea maji mishipani. Nyumbani asipewe maziwa, mafuta wala chumvi. Chumvi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Kipande cha mmea au picha yake kichukuliwe, na saa aliyokula iandikwe. Kwenye simu yatosha kusema: «Min hund har ätit kottepalm.» Matibabu ya wanyama nchini Sweden hulipiwa na mwenye mnyama au bima yake, na gharama huweza kuwa kubwa. Ni halali kabisa kuuliza bei kwenye simu, mradi kuuliza huko kusicheleweshe safari.

Mtoto akiwa ndiye aliyekula, namba ni 112, na anayepiga aombe kuunganishwa na Giftinformation. Swali lisilo la dharura kuhusu mtoto au mtu mzima huulizwa kwa namba 010-456 67 00.

Mitende halisi inayouzwa zaidi kwa ajili ya nyumbani haina sumu kwa mbwa. Hiyo ni pamoja na kentiapalm (Howea forsteriana), guldpalm (Dypsis lutescens) na bergpalm (Chamaedorea elegans). Mbwa akiyatafuna majani kwa wingi aweza kutapika mara moja kwa sababu ya nyuzi zake, kisha akawa mzima. Yucca na dracaena, ambazo pia huitwa mitende madukani, ziko katikati: haziui kwa kawaida, lakini humtapisha mbwa na kumwondolea hamu ya kula, hivyo ni bora ziwekwe asipofika.

Kibandiko kisipotaja jina la kitaalamu, muuzaji aulizwe. Asipojua, mmea uachwe dukani. Kuuweka kottepalm juu ya kabati hakuleti usalama wa kweli, kwa kuwa majani makavu huanguka na mtoto wa mbwa hutafuna chochote kilicho sakafuni. Anayeamua kuutoa avae glavu, aufunge vizuri mfukoni na kuutupa katika taka za kawaida. Usiachwe uani wala kando ya njia iendayo msitu wa Grimsta, ambako mbwa wa majirani hupitishwa asubuhi na jioni.