Chumvi ya Ivuna na Dawa ya Saratani

Muhula uliopita, baada ya kipindi cha Kemia, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alibaki darasani akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Shangazi yake alikuwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, akitibiwa saratani ya shingo ya kizazi. Kila juma, pamoja na kupigwa mionzi, alitundikiwa dripu kwa saa nyingi. Alipouliza ni dawa gani hiyo isiyokwisha, aliambiwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji ya chumvi. Habari hiyo ilipofika nyumbani kwa simu, kaka zake walikasirika sana. "Tumeuza ng'ombe wawili," walisema, "ili dada yetu aende pwani kutiwa chumvi? Kwani Ivuna chumvi imekwisha?" Wakamtaka arudi upesi.

Wataalamu wa nyota huijua Ivuna kwa jiwe lililoanguka hapa kutoka mbinguni tarehe 16 Desemba, 1938. Lakini sifa yetu ya zamani zaidi ni chumvi. Wachunguzi wa mambo ya kale waliochimba hapa katika miaka ya 1960 walikuta vigae vingi vya vyungu vya kuchujia na kupikia chumvi, na wakakadiria kuwa kazi hiyo ilikuwako tangu karne ya 13 hivi. Kwa hiyo siwezi kuwalaumu wale kaka kwa kudhani kuwa wanaijua chumvi. Mimi mwenyewe nafundisha Kemia, na ilinibidi nisome majuma mawili kabla ya kumwita yule msichana.

Ukiitia chumvi majini, haipotei. Hugawanyika kuwa chembe ndogo mno zenye umeme, ziitwazo ioni: ioni za sodiamu na ioni za kloraidi. Mwili wetu umejaa ioni kama hizo. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na ioni haziwezi kupenya mafuta. Hupita katika vijia maalumu vilivyojengwa kwa protini, ambavyo hufunguka na kufunga kama milango. Kwa ajili ya milango hiyo, ndani ya seli si sawa na nje. Nje, katika damu, sodiamu na kloraidi ni nyingi. Ndani ni chache. Potasiamu ni kinyume chake, kwani ndani ya seli ni zaidi ya mara 25 ya ile iliyo katika damu.

Sasa tuitazame dawa yenyewe. Dawa ambayo mara nyingi huambatana na mionzi katika ugonjwa huo ni sisplatini. Ilipatikana kwa bahati. Huko Marekani, mwaka 1965, Barnett Rosenberg na wenzake walitangaza kuwa walipopitisha umeme ndani ya maji yenye bakteria, bakteria wale waliacha kugawanyika wakarefuka kama nyuzi. Si umeme uliofanya hivyo. Waya zao zilikuwa za platinamu, madini yenye thamani kama dhahabu, na chembe za platinamu zilikuwa zimeyeyuka majini. Basi wakafikiri kuwa kitu kinachozuia bakteria kugawanyika huenda kikazuia na uvimbe usikue. Mwaka 1978 dawa hiyo ikaruhusiwa kutumika Marekani.

Sisplatini ni atomu moja ya platinamu iliyoshikwa na viungo vinne: viwili ni amonia, na viwili ni kloraidi, yaani ileile ya chumvi. Hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Maadamu dawa imo katika maji yenye kloraidi nyingi, kloraidi zake hazibanduki. Hata ikitoka moja, nyingine hushika nafasi yake mara moja. Ndiyo sababu huchanganywa katika maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita. Ikichanganywa katika maji matupu, huanza kubadilika kabla haijafika inakotakiwa. Damu nayo ina kloraidi ya kutosha kuilinda njiani. Lakini ikiingia ndani ya seli, ambako kloraidi ni chache, viungo vile hubanduka na maji hushika mahali pake. Hapo platinamu huwa kali, nayo huishika DNA, ambayo ndiyo maandishi ya urithi ya seli, na kuikunja, hata seli isiweze kuinakili ili igawanyike.

Lakini huingiaje? Kwa miaka mingi jambo hili halikueleweka vizuri. Wanafunzi wa Biolojia wamekwisha kuona kipande cha kiazi kikivimba katika maji matupu. Seli zetu nazo hujaa maji zikavimba, na zina mlango wa kuziokoa: hufunguka, kloraidi hutoka, na maji huifuata. Mwaka 2014 ndipo protini inayojenga mlango huo ilipotambuliwa, ikaitwa kwa herufi LRRC8A. Mwaka uliofuata wachunguzi wa Berlin walionyesha kuwa sisplatini nayo hupita katika mlango uleule, ingawa si njia yake pekee. Seli za saratani walizoziondolea mlango huo zilipokea dawa kidogo, zikaendelea kuishi.

Na mlango huo una kazi nyingine. Seli iliyoharibika DNA haipasuki ovyo kama chungu. Hufungua vijia vya potasiamu na vya kloraidi, ioni hutoka, maji hufuata, nayo hunywea na kufa kwa utaratibu. Kwa hiyo seli ya saratani iliyopoteza mlango wa kloraidi hunufaika mara mbili: sumu haiingii sawasawa, na hata ikiingia, kufa kwake kunakuwa kugumu. Hii ni mojawapo ya sababu za uvimbe kuizoea dawa. Bado hakuna dawa hospitalini ya kuufungua tena mlango uliopotea.

Chupa zile nyingi zina sababu ya pili, na kwa mgonjwa ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Sisplatini hutoka kwa mkojo, nayo huweza kuharibu figo na kuzifanya zipoteze magnesiamu na potasiamu. Maji mengi hutiwa ili kuisukuma nje upesi. Mgonjwa anayekataa chupa za maji kwa kuwa "si dawa" anazihatarisha figo zake.

Nilipomaliza kueleza, yule msichana aliuliza kama angeweza kumpelekea shangazi yake chumvi ya hapa ili aile kwa wingi. Nikamwambia hapana. Chumvi ya kula haiponyi saratani, na ikizidi hupandisha shinikizo la damu. Hiyo ya chupa ni safi kabisa, imepimwa, na imeuawa vijidudu vyote. Yetu ni ya mboga.

Aliyaandika yote katika daftari akawasomea baba zake jioni, mara mbili, kwa kuwa mkubwa wao hasikii vizuri. Simu ya kumrudisha shangazi haikupigwa tena. Alimaliza majuma yake, na mwezi uliopita alishuka Tunduma kwa basi. Amekonda, na masikio yanamvumia, jambo ambalo dawa hiyo hulileta kwa baadhi ya watu. Amepewa tarehe ya kurudi Dar es Salaam kuchunguzwa, na kaka zake wamekwisha kuanza kutafuta nauli.