Tanga la Mianzi

Wanafunzi wenzangu, nanyi kaka zetu mliokwisha maliza shule, sisi tukaao Dzaleka na Lilongwe jina la Nsungwi twalitaja kila siku. Kwa Kichewa maana yake ni mianzi. Mwanzi twaujua: twajengea uzio na kufumia vikapu. Lakini ni wachache wajuao kwamba mwanzi huo huo umekuwa mifupa ya tanga la Kichina, na kwamba leo wako Wazungu waliolifunga tanga hilo katika mashua zao za kisasa za kusafiria baharini. Kwa nini walifanye hivyo, na matanga ya kwao wanayo? Nitaeleza.

Kwanza tulitazame tanga tulijualo sisi. Wengi wetu wazazi wetu walitoka kando ya Ziwa Tanganyika, na hata huku Malawi tanga la jahazi si geni. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, aliyeitwa Jumbe, alitoka pwani akafanya makao yake Nkhotakota, na majahazi yake yalivusha ziwa yakichukua pembe na, kwa huzuni, watumwa. Tanga la jahazi lina pembe tatu, nalo hutundikwa katika foromali, mti mrefu unaopandishwa mlingotini kwa henza. Pepo zikiwa njema, tanga hilo lakimbia sana. Shida ni pale upepo unapozidi ghafula. Kulipunguza si rahisi. Aghalabu mabaharia hulitua lote pamoja na foromali, wakafunga lingine dogo. Kazi hiyo yataka watu wengi wenye nguvu, nayo hufanywa wakati chombo kinayumba.

Tanga la Kichina lina namna nyingine. Toka ukingo mmoja hata wa pili limepitishwa fito, zamani za mianzi, siku hizi mara nyingi za madini au plastiki ngumu. Fito hizo zaligawa tanga mapande, labda sita au saba. Mwisho wa kila ufito, upande wa tezi, pana kamba yake, na kamba zote hukutana katika demani moja. Kwa hiyo nguvu ya upepo haivuti pembe moja tu, bali imegawanywa. Kitambaa hakihitaji kuwa kizito, na kikipasuka, aghalabu mpasuko hukoma penye ufito.

Sasa upepo ukizidi, baharia hulegeza henza tu. Tanga hushuka kwa uzito wake lenyewe, pande moja likilala juu ya jingine kama mkeka unaokunjwa, nazo kamba zilizo kulia na kushoto hulipokea lisimwagike. Akitaka pande moja lipungue, hupunguza moja. Akitaka manne, manne. Mtu mmoja aweza kazi hiyo, hata mzee.

Aliyewaonyesha Wazungu faida hii ni Mwingereza mmoja, Hasler, aliyekuwa afisa wa askari wa majini katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1960 alishiriki mashindano ya kuvuka Atlantiki, mtu mmoja mmoja peke yake, toka Plymouth hata New York. Mashua yake Jester ilikuwa na urefu wa meta 7.6 hivi, yenye tanga moja la Kichina. Kamba zote zilifika penye tundu la mviringo katikati ya sitaha, hata akaweza kupunguza tanga bila kutoka nje. Chichester, aliyekuwa na mashua kubwa zaidi, alifika wa kwanza kwa siku 40. Hasler alikuwa wa pili kwa siku 48.

Lakini tusilisifu kupita kiasi. Wahenga walisema, dau la mnyonge haliendi joshi. Tanga la Kichina lililoshonwa bapa nalo laenda joshi kwa shida, yaani halipendi kuukabili upepo. Ndiyo sababu mafundi wengine wa siku hizi hulishona kila pande na tumbo kidogo. Wala tanga si hirizi. Mwaka 1968 Bill King, akijaribu kuizunguka dunia peke yake na matanga ya namna hii, alipinduliwa na bahari, mlingoti ukavunjika, akaishia Cape Town. Hata hivyo alirudi tena, na mwaka 1973 akaimaliza safari yake.

Haya yatuhusu nini, nasi twakaa mbali na maji? Ziwa Malawi li mashariki yetu, nalo lina upepo uitwao Mwera, uvumao toka kusini kwa ukali, hasa kati ya Mei na Agosti. Mvuvi akutwaye nao katikati ya ziwa, mwenzake pekee akiwa mwanawe mdogo, hana haja ya tanga lishindalo mengine kwa mbio. Ana haja ya lile awezalo kulipunguza kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukishika usukani.

Jaribuni wenyewe. Chukueni kipande cha gunia la plastiki, vijiti sita vya nsungwi, uzi na ufito wa kuwa mlingoti. Shoneni, mtweke, kisha mlegeze henza mtazame. Mtakaofanikiwa, leteni darasani tuone.