Moyo Unaposhindwa Kazi

Mkaazi wa Mbale apandaye mteremko wa Wanale akatweta kuliko wenzake, na usiku akalazimika kulala ameinuliwa kwa mito, na miguu ikamvimba, haimpasi kudhani kuwa ni uzee tu, kwani huenda moyo wake umeshindwa kazi. Na maradhi haya, ijapokuwa jina lake ni moja, yana namna mbili kubwa: moyo uliolegea usioweza kusukuma damu ya kutosha, na moyo uliokakamaa ambao, japo wasukuma kwa nguvu, haulegei ukajaa sawasawa. Shinikizo la damu laweza kuleta zote mbili.

Uganda ina sehemu ya pekee katika elimu ya maradhi ya moyo, kwani mwaka 1948 tabibu J. N. P. Davies wa Kampala alieleza maradhi yanayotia kovu utando wa ndani wa moyo, hata tumbo likajaa maji, ambayo sababu yake haijathibitika hadi leo. Lakini homa ya baridi yabisi, iharibuyo vali za moyo, asili yake yajulikana, nayo huanzia kooni. Basi mzazi, mwanao akiumwa koo na homa, mpeleke kwa tabibu mapema.