Kisangani: Takataka zinaanzia jikoni, zinaishia mtoni

Mvua kubwa ikinyesha Kisangani, mifereji inaonyesha wazi kile ambacho wakaaji walitupa tangu mvua iliyopita: sashe za maji, chupa za plastiki, maganda ya muhogo, viatu vilivyokatika, makopo. Maji yakikosa njia yanapanda barabarani, kisha yanaingia ndani ya viwanja. Mtu anatoa maji nyumbani kwake kwa ndoo huku akilaumu serikali, na hajui kama sashe iliyoziba mfereji ni ile aliyoitupa yeye mwenyewe juzi.

Mji mkuu wa jimbo la Tshopo uko karibu na ikweta. Kwa mwaka unapata karibu milimita 1,700 za mvua, na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Komini zake ni sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani upande mmoja wa mto Congo, na Lubunga ng'ambo ya pili. Popote unapokaa, maji ya mvua yanatelemka kuelekea mto Congo au mto Tshopo, na yanabeba kila kitu kilicho njiani.

Hesabu ambayo kila mtu anaweza kufanya

Ripoti ya Benki ya Dunia iliyotolewa mwaka 2018 ilionyesha kwamba, katika Afrika iliyo kusini ya Sahara, mtu mmoja anatoa takataka karibu nusu kilo kwa siku, yaani gramu 460. Inaonekana kidogo. Lakini kwa mji wa watu milioni moja ni tani 460 kila siku, sawa na safari 46 za lori linalobeba tani 10. Na Kisangani inakadiriwa kuwa na wakaaji zaidi ya hao.

Hakuna meya anayeweza kuondoa mzigo huo kwa malori peke yake. Ripoti ileile inasema kwamba katika nchi maskini zaidi ya nusu ya takataka, asilimia 56, ni mabaki ya chakula na majani: maganda ya makemba na muhogo, mashina ya sombe, matunda yaliyooza. Maana yake, zaidi ya nusu ya kile tunachotupa si uchafu. Ni mbolea iliyokosa mahali pake.

Desturi ilibaki, kitu kilibadilika

Wazee wetu nao walikuwa wakitupa. Chikwanga na samaki wa maboke vilifungwa katika majani ya mangongo. Ukimaliza kula, jani lilitupwa nyuma ya nyumba, chini ya mgomba. Baada ya majuma machache lilikuwa limegeuka udongo. Kulikuwa na shimo la takataka katika kila kiwanja, na likijaa lilifunikwa, lingine likachimbwa.

Leo mkono unafanya yaleyale, lakini kitu kilichomo mkononi si jani. Sashe haiozi. Itapita maisha ya aliyeitupa na ya watoto wake. Viwanja navyo vimekuwa vidogo: pale ambapo jamaa moja ilikuwa na nafasi ya shimo na migomba, leo wanakaa wapangaji wanne au watano. Ndiyo sababu kumwambia mtu "acha kutupa" hakutoshi. Ni lazima ajue atakiweka wapi.

Wengine wanachoma. Moshi wa plastiki una sumu, na mara nyingi moto huo unawashwa karibu na mahali mama anapikia na watoto wanapochezea. Wengine wanangoja usiku na kumwaga katika mfereji au kijito cha karibu, wakisema mvua itapeleka. Kweli, mvua inapeleka, lakini kwa jirani wa chini.

Kipindupindu kinajua njia ya mto

Hatari kubwa zaidi si harufu. Maji ya mfereji uliozibwa yanachanganyika na ya vyoo, kisha yanafikia visima na vyanzo ambapo watu wanachota maji. Hapo kipindupindu kinapata nafasi.

Kisangani haipaswi kusahau mwaka 2011. Ugonjwa ulizuka hapa mwezi wa tatu, ukafuata mto Congo pamoja na mashua na wasafiri, na baada ya miezi michache ulikuwa umefika Kinshasa. Mwaka 2025 tena Tshopo lilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyopigwa na kipindupindu. Takataka peke yake haileti kipindupindu. Kinachokileta ni kinyesi katika maji. Lakini mfereji uliojaa sashe ndio unaosukuma maji hayo machafu hadi mlangoni mwako. Na kopo au chupa iliyoshika maji ya mvua ni nyumba ya mbu, wakiwemo wale wanaoeneza homa ya manjano.

Bukavu wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Chupa na sashe zinazotoka katika mji zinaingia ziwa Kivu, zinafika kwenye bwawa la Ruzizi na kuziba mitambo. Umeme unakatika. Wapiga mbizi wanalazimika kuingia majini kutoa plastiki kwa mikono. Mji wetu pia una bwawa lake, lile la mto Tshopo. Tusingoje somo hilo litufikie.

Sheria iko, lakini iko kwenye karatasi

Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2017, serikali ya Congo ilitoa amri ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Mpaka leo sashe zinauzwa mbele ya macho ya wote. Jirani zetu walitangulia au walifuata: Rwanda ilikataza mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Huko kazi haikuishia katika kusaini karatasi; wauzaji walikaguliwa na faini zilitozwa, na watu wakarudia vikapu na mifuko ya kitambaa.

Viongozi wa mji na wa komini wana deni hapa: mahali panapojulikana pa kukusanyia takataka katika kila kartie, lori linalopita siku inayojulikana, na dampo lililo mbali na nyumba na mito. Salongo ya siku moja inayotoa matope mferejini na kuyaacha kando ya barabara ni kazi bure, kwa sababu mvua inayafagia na kuyarudisha ndani.

Kutumia tena si jambo geni

Kwa kweli, Kisangani inajua kutumia vitu mara ya pili. Chupa tupu inauzia mawese sokoni. Mabati ya zamani yanageuzwa babula. Aluminiamu iliyokufa inayeyushwa, inatoka sufuria. Kinachokosekana ni kutenganisha tangu nyumbani, kwa sababu chupa iliyochanganyika na mabaki ya chakula haina mnunuzi.

Huko Bukavu, Nicole Menemene alianzisha Plastycor, ambapo plastiki iliyookotwa ziwani inasukwa kuwa vikapu na vitu vya nyumbani. Nchini Kenya mafundi wa Lamu waliunda jahazi zima, Flipflopi, kwa plastiki na kandambili zilizotupwa. Kazi hizo zote zilianza na mtu kuinama na kuokota.

Vyombo vitatu katika kiwanja

Hakuna haja ya kungoja mradi kutoka nje. Wapangaji wa kiwanja kimoja wanaweza kuanza juma hili na vyombo vitatu, hata kama ni ndoo zilizopasuka.

Cha kwanza ni cha maganda, majani na mabaki ya chakula. Yamwage katika shimo dogo au lundo, tia majivu kidogo, funika kwa majani, na geuza kila baada ya majuma mawili. Baada ya miezi mitatu hivi unapata mbolea ya lengalenga na bilinganya. Udongo wetu uliooshwa na mvua unaihitaji sana. Maganda ya muhogo yakaushwe juani kwanza kama unataka kumpa mbuzi.

Cha pili ni cha chupa, bidoni, makopo na vyuma. Vioshwe, vikusanywe, viuzwe au wapewe wanaovitafuta. Lakini chupa iliyobeba dawa ya wadudu au maji ya betri isitiwe mawese wala maji ya kunywa kamwe.

Cha tatu ni cha vitu vya hatari: vigae vya chupa, sindano, mawe ya tochi na ya redio. Hivi viwekwe mbali na watoto, na visichanganywe na mbolea wala kuchomwa.

Ukienda soko kuu, chukua kikapu. Muuzaji akikufungia katika majani, mshukuru: jani hilo halitaziba mfereji wa mtu.