NANI ANAKUFA WA KWANZA KATIKA SINEMA?



Wazee wetu wa Katanga wanajua habari za batumbula. Siku za ukoloni, huko Elisabethville (leo Lubumbashi), watu walisema batumbula ni watu weusi wanaotumikia wazungu, wanaokamata wapita-njia usiku. Kampala na Nairobi waliogopa wazimamoto, na watu wa pwani waliogopa mumiani. Ukisikiliza vizuri, hadithi hizi zote zinauliza neno moja: nani anakula nguvu ya nani?

Basi tumetaka kueleza sinema moja ya wanyonya-damu, Blacula, ya Marekani, mwaka 1972. Mwenye kuiongoza, William Crain, ni mtu mweusi. Katika hadithi, Mamuwalde, mwana wa mfalme wa Afrika, anafika kwa Dracula mwaka 1780 pamoja na mke wake Luva. Anaomba msaada wa kukomesha biashara ya watumwa. Dracula anamcheka, anamng'ata, anamfungia ndani ya sanduku la maiti. Anakuja kuamka Los Angeles, karibu miaka 200 baadaye. Mchezaji William Marshall ndiye aliyetaka mtu huyo apewe asili ya Afrika na heshima. Hapo walifanya vema, kwani katika sinema nyingi za zamani za kutisha mtu mweusi alikuwa boyi tu, wa kutetemeka na kukimbia.

Lakini wanawake je? Juanita anaendesha taksi, Nancy anapiga picha. Kazi nzuri! Lakini wote wawili wanang'atwa upesi. Luva anafungiwa chumbani mpaka kufa. Tina, anayefanana na Luva, halazimishwi na Mamuwalde, ni kweli. Lakini kazi yake katika hadithi ni kupendwa, kisha kufa. Mwenye kuchunguza na kugundua siri ni daktari, mwanaume.

Sasa tazama Sinners ya Ryan Coogler, mwaka 2025. Hadithi ni ya Mississippi mwaka 1932. Ndani yake kuna watu weusi, Wachina na Wachoctaw, wenyeji wa Marekani. Hapo Annie, mama mjuzi wa dawa za miti, ndiye anayewaeleza wenzake ni adui gani yuko mlangoni, na namna ya kujilinda. Yeye pia anakufa, lakini amekwisha kusema, nao wamemsikiliza.

Na sisi hapa Kabalo? Tunapotayarisha mchezo wa shule, mara ngapi mvulana anakuwa chifu, mwalimu na daktari, na msichana anapewa kulia tu? Kumbe nyumbani, mlango ukigongwa usiku, mara nyingi mama ndiye anayeamka wa kwanza na kuuliza: «Ni nani?» Basi mchezo ujao tumpe msichana neno hilo aliseme, na maneno mengine yanayofuata.