Amiba Asiye na Dalili Hatolewi kwa Flagyl

Mpishi amekwenda kupima afya ili apewe kazi hotelini. Haharishi, tumbo halimsokoti, anakula vizuri. Majibu ya choo yanasema sisti (amiba waliojifunga ndani ya ganda) za Entamoeba histolytica zimeonekana, na kabla ya jioni ameshanunua Flagyl. Naliona jambo hili mara nyingi, na linaniuma, kwa sababu huenda hakuhitaji dawa yoyote, au alihitaji nyingine kabisa.

Tuanze na hadubini. Sisti yenye viini vinne inaweza kuwa ya histolytica, anayechimba ukuta wa utumbo na kuleta kuhara damu, au ya ndugu yake Entamoeba dispar, asiyemdhuru mtu. Kwa macho hawatofautiki. Mfaransa Émile Brumpt alisema mwaka 1925 kuwa hao ni wawili. Wenzake hawakumsadiki, na ilifika miaka ya 1990 ndipo hoja yake ikakubalika. Mwaka 1997 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakashauri kwamba dispar aachwe, histolytica atibiwe hata kama aliye naye haumwi. Kinachowatenganisha ni kipimo cha antijeni au cha vinasaba.

Asiyeumwa anatibiwa kwa nini? Baadhi ya wenye histolytica huja kuugua baadaye, wengine wakapata jipu la ini bila kuharisha hata siku moja. Isitoshe, sisti hutoka na choo, na mpishi asiyenawa vizuri huzipeleka kwenye kachumbari ya watu. Klorini ya kawaida ya maji ya bomba haiziui, kuchemsha kunaziua.

Sasa dawa. Metronidazoli, yaani hiyo Flagyl, karibu yote hufyonzwa sehemu ya juu ya utumbo ikaingia kwenye damu. Ndiyo maana inaliweza jipu la ini, lakini sisti zilizo ndani ya utumbo mpana mara nyingi huzikosa. Hata aliyepona kuhara damu kwa Flagyl anahitaji dawa ya pili ya kuzimaliza. Dawa za kumaliza sisti ni paromomaisini, ambayo ikimezwa hubaki utumboni, au diloksanidi: kwa mtu mzima, miligramu 500 mara tatu kwa siku, siku 10.

Ukipewa majibu ya namna hiyo nawe huumwi, usikimbilie duka la dawa. Rudi kwa daktari umuulize: ni histolytica kweli, na dawa hii inaua sisti?